Nusu ya Fabienne

Mbwa wa Eliante alikuwa amenenepa mpaka kubweka kukamshinda. Akijaribu, ilitoka sauti ya mzee anayetafuta kikohozi chake na kukikosa, kisha alijilaza tena kwenye kivuli cha ukuta. Pale kilimani, juu ya mji wa Jacmel, kila mtu alijua mbwa huyo hakunenepea kwao, maana kwa Eliante hata panya walishafungasha wakahama. Alinenepea kwa jirani, kwa Guerda. Kila mchana Fabiola, binti wa Guerda mwenye miaka minne, aliketi kizingitini na sahani yake ya wali na maharage. Alianza vizuri, kijiko kikienda na kurudi. Akifika katikati ya sahani alikiweka chini, akafuta mikono kwenye gauni, akaenda kucheza. Nusu iliyobaki hakuigusa hata abembelezwe. Ndipo mbwa alipopita.

Hivyo mbwa akanenepa, na mtoto akakonda. Shingo ikawa nyembamba, macho yakawa makubwa usoni, na usiku mama yake akimgeuza kitandani aliusikia uti wa mgongo kwa kiganja.

Kwenye zahanati nesi alimsimamisha Fabiola kwenye mizani, akasoma, kisha akamtazama Guerda kuanzia kandambili hadi kilemba.

"Mama, nyumbani mnampa nini huyu?"

"Wali. Maharage. Ndizi za kukaanga. Samaki akipatikana."

"Mnampa, au mnamwonyesha?"

Wanawake waliokuwa kwenye benchi waliangalia sakafu, ila mabega yao yalicheka. Guerda alipokea dawa ya minyoo, akambeba mtoto mgongoni japo siku hizo Fabiola alikwishakataa kubebwa, akatoka bila kumuaga mtu. Dawa ilifanya kazi yake. Kijiko kiliendelea kuwekwa chini katikati ya sahani.

Guerda hakuwa na nia ya kupekua. Alitafuta shuka kuukuu la kukata vitambaa vya kudekia, na mama mkwe wake, Clercina, alikuwa ameshuka sokoni kununua nyuzi. Clercina alikuwa fundi cherehani. Aliishi nao kwenye chumba cha nyuma, cherehani dirishani na sanduku la mbao chini ya kitanda. Sanduku halikuwa na kufuli. Guerda alilivuta, akafungua.

Juu kabisa palikuwa na gauni la njano lenye kola ya lesi nyeupe, gauni ambalo bibi alimshonea Fabiola kwa ajili ya Pasaka. Guerda akashangaa limerudije humo. Halafu akainua macho, na dirishani akamwona Fabiola uani anachimba shimo kwa kijiti, amevaa gauni la njano lenye kola ya lesi nyeupe.

Akalirudia lile la sandukuni. Saizi ileile. Halijawahi kuvaliwa. Chini yake la buluu la Krismasi, nalo jipya. Chini ya la buluu lingine dogo zaidi, na kofia ya sufu ya mtoto mchanga. Kila nguo ambayo mwanawe aliwahi kuvaa ilikuwa na mwenzake humo, imekunjwa, inanukia sabuni. Pembeni mabakuli mawili ya udongo yaliyoshikana ubavu, ndani yake mabaki ya asali na chembe za mkate. Na kwenye pindo la gauni la njano ilichomekwa sindano.

Kweli, katika nyumba ile sindano zilikuwa kila mahali. Lifaite, mume wa Guerda, aliwahi kuikalia moja siku ya harusi yao, na inasemekana ndiyo sababu alisema "ndiyo" kwa sauti kubwa vile mbele ya watu. Lakini Guerda hakuikumbuka hiyo. Alikumbuka filamu za kwenye simu, ambazo ndani yake kila mfuasi wa Vodu, dini ya mababu, ana kidoli na sindano, na kila kidoli kina kipande cha nguo ya mtu. Hao wanaotengeneza filamu hizo, nijuavyo mimi, hawajawahi kufika hata kwa fundi wa kupunguza suruali. Ila Guerda aliziamini, maana mwanawe alikuwa anakonda na hakuwa amepata sababu nyingine.

Akaviacha vyote kama alivyovikuta, akaenda ukutani kwa Eliante.

"Gauni la pili?" Eliante aliuliza. Walisali kanisa moja la Kibatisti, na Eliante ndiye aliyepiga tari.

"La pili."

"Saizi ileile."

"Ileile."

"Na sindano."

"Na sindano, Eliante. Mara ngapi nikwambie?"

Eliante alivuta pumzi kama mtu aliyeonja mchuzi akaukuta umekolea. "Dada yangu, huyo bibi anamla mtoto wako kidogo kidogo. Ndiyo maana anaacha nusu. Nusu nyingine inaliwa kwingine."

"Nusu nyingine inaliwa na mbwa wako."

"Mbwa ni mbwa. Mimi nazungumzia mambo ya rohoni." Eliante alifunga khanga upya kiunoni, tayari kwa safari. "Ijumaa tunafungua mfungo. Namwambia Mchungaji Onésime tuje na ndugu, tulichome hilo sanduku. Baada ya hapo mama mkwe achague. Atubu, au atafute pa kuishi."

Guerda hakusema ndiyo. Hakusema hapana pia, na kwa Eliante hiyo ilitosha.

Jioni Lifaite alirudi kutoka kwenye ujenzi, akakaa uani akisugua saruji vidoleni. Guerda alimweleza alichokiona. Lifaite aliendelea kusugua hata pale ambapo saruji ilishatoka.

"Muulize mama mwenyewe," alisema mwishowe.

"Nakuuliza wewe. Unazijua zile nguo?"

"Naweza kuzijua."

"Lifaite."

"Ulisema lisitajwe, Guerda. Wewe mwenyewe. Sasa unataka niseme nini?"

Guerda alisimama, akaingia ndani, na maneno yakaishia hapo. Fabiola alizaliwa na pacha wake. Yule mwenzake homa ilimchukua kabla hajajua kusimama, na siku waliporudi kutoka makaburini Guerda alisema jina lake lisitajwe tena ndani ya nyumba ile. Halikutajwa. Lifaite alitii, Clercina alitii, na Guerda mwenyewe alijizoeza kuishi kama mtu aliyezaa mtoto mmoja. Hata sasa, gauni la pili liko mbele ya macho yake, mawazo yake yalifika mlangoni pa jambo hilo yakageuza njia. Kumwogopa bibi kulikuwa kwepesi zaidi.

Asubuhi Clercina alikuwa jikoni anapuliza moto wa kahawa. Kabla ya kujimiminia alidondosha matone ardhini, kama alivyofanya tangu ujana wake.

"Kuanzia leo mtoto nampikia mimi," Guerda alisema.

"Umempikia wewe siku zote, mwanangu. Mimi hupuliza moto tu."

"Na moto usipulize."

Clercina aliweka upepeo wa moto chini. Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kilemba cheupe, na miwani iliyoshikizwa kwa uzi. "Nimekosa nini?"

"Mama, wewe unamtumikia nani?"

"Ninamtumikia Mungu. Waliotutangulia nawasalimia. Kwenu hamkufundishwa kusalimia watu?"

"Usinichezee. Hayo matone unayomwaga, unampa nani?"

"Marehemu baba mkwe wako. Alipenda kahawa." Clercina alitabasamu kidogo. "Ningempa kikombe kizima, lakini bei ya kahawa unaijua."

Guerda hakutabasamu. Alimchukua Fabiola, akatundika pazia kati ya chumba cha nyuma na nyumba nyingine, akamkataza mtoto asivuke. Fabiola alikaa upande huu wa pazia, akaingiza vidole chini yake, na vidole vya bibi vikaja kuvigusa kutoka upande wa pili. Guerda aliviona akajifanya anafagia.

Habari za Eliante zilitembea kwa miguu mirefu. Mwanamke aliyeleta kitambaa cha sare ya mwanawe alikuja kukichukua, eti amekumbuka kwamba shangazi yake naye ana cherehani. Mwingine alituma mtu. Watoto waliozoea kuokota vipande vya vitambaa chini ya dirisha waliitwa kwao kwa majina yao yote mawili. Clercina alikwenda misa ya asubuhi, akaketi benchi lake la siku zote, na mama aliyekuwa ubavuni mwake akakumbuka kwamba mbele kuna hewa zaidi. Aliporudi alikuta chakula chake kimefunikwa na kuwekwa kwenye ngazi ya nje, kama cha mgonjwa. Alikula, akaosha sahani, akairudisha pale pale ngazini.

Na Fabiola, aliyepikiwa sasa na mama yake peke yake, aliendelea kula mpaka katikati na kuweka kijiko chini. Hilo lingemfikirisha mtu. Guerda alilichukulia kuwa ishara kwamba mkono wa bibi unafika mbali.

Ijumaa walisikika wakipandisha kilima kwa nyimbo na tari. Mchungaji Onésime alitangulia, mtu mkubwa anayetoka jasho kwa urahisi, na nyuma yake ndugu wa kanisa, na Eliante na chupa ya mafuta ya taa. Lifaite alikuwa amekataa kwenda kazini. Alisimama mlangoni, hakuwazuia na hakuwakaribisha, akawa kama nguzo ya nyumba ambayo haijajengwa.

Clercina alikuwa amevaa gauni lake la misa. Aliketi juu ya sanduku, rozari mkononi.

"Shikamoo, bibi," Mchungaji alisema.

"Marahaba, mwanangu. Suruali hiyo nilikushonea mimi."

"Ndiyo, bibi."

"Na ya harusi. Mpaka leo haijakudhuru?"

Ndugu mmoja alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mchungaji alijifuta shingo. "Bibi, hatukuja kwa ubaya. Kuna mtoto anadhoofika, na ndani ya sanduku wamesema kuna vitu. Tunaomba ufungue."

"Aliyelifungua bila hodi yupo. Alifungue tena mbele ya watu."

Clercina alisimama akasogea pembeni, akakaa kitandani. Guerda alipiga magoti, akafungua, akalitoa gauni la njano. Sindano ilining'inia kwa uzi wake, na chini ya mwanga wa dirisha kila mtu aliona kwamba pindo la gauni lilikuwa limeshonwa nusu, bado nusu.

"Hili ni la nani?" Mchungaji aliuliza.

Clercina alimtazama Guerda.

"Bibi, nauliza kwa heshima. Gauni hili ni la nani?"

"Nilikatazwa kusema. Sikukatazwa na wewe."

"Mnaona," Eliante alisema. "Kinywa kimefungwa."

Ndipo pazia lilipotikisika chini, na Fabiola akatokea kwa magoti, vumbi usoni.

"La Fabienne," alisema.

Mtoto aliwatazama wakubwa mmoja mmoja, akaona hawajaelewa, akawasaidia. "Ni nguo za Fabienne. Yeye hawezi kuja kuzichukua. Bibi anamwekea."

Guerda alikuwa bado amepiga magoti. Jina lile hakuwahi kulisikia katika mdomo wa mtoto huyu. Lilitoka wazi, bila huzuni yoyote, kama jina la mtu anayeishi mtaa wa chini.

"Na wali wake pia," Fabiola aliendelea, maana watu walikuwa wanamsikiliza na hilo halikuwa jambo la kila siku. "Mimi nakula nusu yangu. Nusu ya Fabienne namwachia."

Clercina alipeleka mkono mdomoni. "Nani amekwambia umwachie, kipenzi?"

"Wewe. Ulisema mapacha wanagawana sawasawa."

"Nilisema asali, Fabiola. Asali na mkate, siku ya sikukuu yenu. Sikusema chakula chako cha kila siku."

"Sasa siku nyingine yeye anakula nini?"

Huko nje tari ya mtu iligonga ukuta ikalia kidogo peke yake.

Guerda alikuwa ameuleta uso wake karibu na gauni. Lilinukia sabuni, na kidogo joto la pasi. Aliuliza bila kuinua kichwa: "Tangu lini, mama?"

"Tangu siku ile. Kila nikikata kitambaa cha mmoja, nakuta nimekata cha wawili. Wewe ulisema lisitajwe, nikaona sawa, mama mtu ana haki yake. Lakini mkono haukuelewa." Clercina alivua miwani. "Nilimsimulia mtoto huku nashona, ili asije akakua hajui kwamba alikuja na mtu. Kumbe nilimnyima chakula. Kosa ni langu, Guerda. Mimi ndiye niliyemkondesha."

"Hukumkondesha wewe peke yako," Guerda alisema.

Eliante alikohoa. "Mchungaji, mafuta tunayo."

"Eliante," Guerda alisema, na sasa aliinua kichwa, "rudisha mafuta yako kwenye taa. Nguo za mwanangu hazichomwi."

Mchungaji Onésime aliinama kwa shida, akayatazama yale mabakuli mawili, na picha iliyokuwa chini yake, ya vijana wawili wenye majoho mekundu.

"Hawa ni nani?"

"Kosma na Damiano. Mapacha. Madaktari, walitibu watu bila kudai hela. Wako kanisani kwetu, ukutani kushoto. Nyumbani tunawaita kwa jina la zamani zaidi, la mababu zetu, lakini wanaitika yote."

"Sisi hatuna picha, bibi. Na hatuombei wafu."

"Najua. Sijakuomba."

Mchungaji alibaki ameinama muda mrefu kuliko magoti yake yalivyotaka. Alipoinuka alivua kofia. "Lakini kumshukuru Mungu kwa mtoto aliyezaliwa, hilo sijakatazwa popote. Jina lake kamili ni nani?"

Alikuwa anamwuliza Guerda. Lifaite aliacha mlango akaja kusimama nyuma ya mkewe.

"Fabienne," Guerda alisema. "Fabienne Dorsainvil."

Basi Mchungaji akamshukuru Mungu kwa ajili ya Fabienne Dorsainvil, kwa miezi aliyokaa, kwa mikono iliyombeba na mikono inayomshonea. Aliomba kwa ufupi, jambo ambalo waumini wake hawajalisahau mpaka leo. Ndugu walisema amina, Clercina akafanya ishara ya msalaba, Lifaite akalia waziwazi bila kujifuta. Amina ya Eliante ilichelewa njiani, lakini ilifika.

Jumamosi waliandaa karamu ya mapacha, ile ambayo kwa desturi ya kina Clercina hulishwa mapacha walio hai na waliokufa. Guerda alikuwa amemwambia Mchungaji mapema, hakutaka mambo ya kujificha. Mchungaji alifikiri, akasema kwamba Jumamosi hiyo ana wagonjwa wa kuwatembelea barabara ya chini, na kutoka barabara ya chini uani kwao hakuonekani.

Walipika wali na maharage, ndizi, viazi vitamu na kuku, bila majani ya aina yoyote, kwa kuwa kwa desturi hiyo mapacha hawali majani. Guerda alipika, Clercina akapuliza moto. Watoto wa mtaa mzima waliitwa, na waliokuwa wamekatazwa dirisha la fundi walikuja na mama zao nyuma, mama wakijifanya wamekuja kuangalia tu. Yule wa shangazi mwenye cherehani alirudi na kitambaa chake kwapani. Shangazi, alisema, anashona kama anayefukuzwa.

Mabakuli mawili yalijazwa kwanza. Clercina alimketisha Fabiola mbele yake.

"Angalia. Hili la Fabienne. Limejaa?"

"Limejaa."

"Na hili lako?"

"Limejaa."

"Sawasawa?"

Fabiola alipima kwa jicho moja, kisha kwa jingine. "Sawasawa."

"Basi yake anapewa na sisi wakubwa, ndiyo kazi yetu. Hapa ameshiba mpaka sikukuu nyingine. Kila ukimwachia ya kwako unamvimbisha tumbo bure."

"Kama mbwa wa Eliante?"

"Vilevile."

Fabiola alitafakari jambo hilo kwa uzito wake wote. Kisha alivuta bakuli lake.

Chakula kingine kilimiminwa kwenye sinia kubwa la mbao, watoto wakakizunguka wakala kwa mikono, wakisukumana, wakinyang'anyana paja la kuku, na hakuna mkubwa aliyeruhusiwa kuwakemea. Siku hiyo ni yao. Eliante mwenyewe alisimama karibu na ukuta wake akitazama, na Guerda alipompelekea sahani alisema hana njaa, akaipokea.

Sinia lilipobaki mbao tupu, Clercina alimsukuma Guerda taratibu kiunoni. "Nenda kawaulize. Anayeuliza ni mama wa mapacha."

Guerda alisimama mbele ya watoto. Tangu makaburini hakuna aliyemwita hivyo. Alifuta mikono kwenye aproni mara mbili.

"Wanangu, mmeshiba?"

"Tumeshiba," watoto waliitika kwa pamoja, mikono juu, mafuta yakiwatiririka viwikoni.

"Mimi bado," Fabiola alisema.

Bakuli lake lilikuwa tupu, amelilamba. Watoto wote walimgeukia, maana desturi ni kwamba mmoja akisema bado, hakuna anayeinuka. Guerda alitazama ndani ya sufuria. Wali ulikuwa umekwisha. Chini palibaki ukoko tu, umeshika kwa nguvu zake zote.

Alichukua mwiko, akainamisha sufuria, akaanza. Sufuria ikazunguka, ikamkimbia. Clercina akaja, akaishika masikio kwa pindo la gauni lake, akaikaza katikati ya magoti.

"Na pembeni," bibi alisema. "Pembeni ndipo penye utamu."

"Nakwangua, mama. Nakwangua."